Tunamvika mtoto plastiki, pamba tunaipakia melini

Mtoto akizaliwa Dar es Salaam, zawadi ya kwanza anayopokea ni joto. Ataletewa kofia ya kufuma, soksi za kufuma, sweta lenye vifungo vya sura ya dubu na shali la kufunika vyote hivyo, mwezi wa Januari, chini ya bati, umeme umekatika na feni imelala. Mama mkwe atasisitiza mtoto asipigwe na upepo. Mimi nami nitakuwa miongoni mwa walioleta sweta, kwa sababu nafuma tangu nikiwa msichana na sijui namna nyingine ya kumpongeza mzazi.

Sisemi tuache. Ninacholalamikia ni uzi.

Zunguka Kariakoo, anzia Mtaa wa Kongo uingie vichochoro vya Mchikichi, uliza uzi wa kufumia. Utaoneshwa ukuta mzima wa rangi: waridi, manjano ya kifaranga, buluu ya mtoto wa kiume. Muuzaji atakuambia ni sufu, nawe utaondoka na sufu yako ambayo haijawahi kumwona kondoo. Karibu yote ni akriliki. Akriliki hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Ni plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Asiyeamini akate kipande, akishike kwa koleo, akiwashie kiberiti. Uzi wa pamba utaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi yanayopukutika ukiyagusa. Akriliki itayeyuka, itatoa moshi mweusi na harufu ya kukereketa, halafu itabaki gololi ndogo nyeusi, ngumu, ambayo huivunji kwa vidole. Jaribio hili lifanyie uani, na mtoto awe kwa jirani.

Na hii ndiyo nchi ya pamba. Simiyu, Shinyanga, Mwanza, watu wanalima. Sehemu kubwa ya pamba ikishachambuliwa mbegu husafirishwa nje kabla haijasokotwa, kupitia bandari yetu hii hii, ambayo mtu wa Kariakoo anaweza kuifikia kwa miguu. Makontena ya akriliki nayo yanashuka hapo hapo.

Haya yalikuwa yananikera kimyakimya mpaka wikiendi iliyopita. Kikoba chetu kina utaratibu kwamba binti wa mwenzetu akikaribia kujifungua, tunakaa Jumamosi na Jumapili kwenye ua mmoja hapa Jangwani, tunafuma. Wenzetu waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanapanda daladala alfajiri ili wasikose chai na vitumbua. Kazi inakwenda na maneno: nani kaolewa, nani kakimbia marejesho, Yanga wamecheza vipi (ukiwa unakaa karibu na makao makuu yao mtaa wa Twiga, hiyo mada huikwepi). Mara hii mwenzetu mmoja alikuwa ametoka Bariadi kumwona mama yake, akaja na mfuko wa pamba mbegu. Alikusudia kujazia mto.

Mama wa mwenyeji wetu, bibi Mfipa ambaye kwa kawaida anakaa kwenye mkeka akitukosoa mishono, aliuvuta ule mfuko akaanza kutoa mbegu kwa vidole, moja moja. Mtu ambaye hajawahi kushika pamba mbichi hajui jinsi mbegu inavyong'ang'ania nyuzi zake. Kisha aliitandaza ile pamba juu ya khanga, akaipigapiga kwa ufito mpaka ikafura. Akaomba kijiti na kitu cha uzito. Tulimpa mti wa mshikaki na kipande cha sahani iliyovunjika, ambacho fundi wa makochi wa jirani alikitoboa katikati kwa drili yake baada ya kupasua vingine viwili. Bibi alikichomeka kile kigae chini ya kijiti, akafungia pamba kidogo juu, akakisokota pajani kwa kiganja, akakiachia. Kijiti kikaning'inia kinazunguka, na vidole vya mkono wa pili vikawa vinalegeza pamba kidogo kidogo, uzi unatoka. Mwembamba hapa, mnene pale, lakini uzi.

Sote tulijaribu, na wa kila mmoja ulikatika. “Unaivuta kama mnagombana, mwanangu,” aliniambia. “Iache ijisokote kwanza, ndiyo uilegeze.” Alisema alimwona babu yake akifanya hivyo huko Ufipa.

Simshangai. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita bara waliandika juu ya nguo za pamba ambazo Wafipa walizisokota na kuzifuma wenyewe. Ukija pwani, mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960 alivikuta vigae kama kile chetu: vipande vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati, vya kusokotea. Mji ule tunausifia dhahabu na misikiti yake kwenye vitabu vya shule. Kwamba watu wake walikaa uani wakisokota pamba, sikumbuki mwalimu aliyenifundisha. Halafu ikaja merikani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wanaishusha Unguja kwa marobota katika karne hiyo ya 19, nguo ya bei rahisi iliyofumwa kwa mashine, na mfumaji wa huku hakuwa na ubavu wa kushindana nayo. Mjerumani alipokuja aliirudisha pamba kwa kiboko. Kuanzia 1902 watu wa kusini walilimishwa mashamba ya lazima kwa malipo yasiyofaa hata kuyataja, na Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliing'oa mashambani, vita vya Maji Maji vikaanza. Baada ya uhuru tulijenga viwanda. Urafiki, pale Ubungo, ulifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na khanga zake mama yangu alizitunza kabatini mpaka zikachanika kwenye mikunjo.

Nisieleweke vibaya, siombi turudi kwenye mti wa mshikaki. Jumapili jioni tulipokusanya uzi wa wanawake wote, ulitosha soksi ya mtoto mchanga. Moja, si pea. Kusokota ni kazi ya kiwanda, na viwanda vya kusokota nyuzi nchini vipo. Swali langu ni kwa nini uzi wao haufiki kwenye sindano zangu.

Nilimpigia simu mtu wa kiwanda kimoja. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza nataka tani ngapi. Nilipomwambia kilo tano alicheka, si kwa ubaya, akanishauri nitafute Kariakoo. Nikamwambia niko Kariakoo.

Wenye maduka wana hoja zao na ninazijua, kwa sababu nami ni mteja mgumu. Akriliki ni nyepesi, inavutika, inakauka haraka hata masika, rangi zake zinang'aa, na bei yake inamwezesha mwanafunzi kujifunza bila kuogopa kuharibu. Uzi wa pamba ni mzito, haunyumbuliki, na ukikosea mshono unakusuta. Mtoto wa Makete au Njombe, ambako asubuhi za Juni nyasi zinaganda, namfumia akriliki na simwonei haya. Lakini mtoto wa Jangwani hazaliwi Makete. Jasho lake halina pa kwenda, kwa kuwa akriliki karibu hainywi maji kabisa. Kwa hiyo analowa shingoni, anatoka harara, analia usiku, na sisi tunasema mtoto ana mchango.

Wapo watakaoniambia kofia ya mtoto ni urembo tu, ya kupigia picha siku ya arobaini. Waende wodi yoyote ya watoto njiti. Malezi ya kangaruu, yaliyoanzia Bogotá mwaka 1978 hospitali ilipoelemewa na uchache wa mashine za joto, yanamweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia tu. Basi. Kofia ile inakaa kichwani usiku na mchana, juu ya ngozi ambayo bado ni laini kupita kiasi. Mimi ningependa iwe ya pamba ya Bariadi, kwa sababu naijua imetoka wapi na naijua itamfanyia nini.

Tulikuwa na Mkakati wa Pamba hadi Mavazi, wa mwaka 2016 hadi 2020. Jina zuri. Kwenye fikra za wakubwa, mavazi maana yake ni kiwanda chenye mashine mia na lango lenye mlinzi. Mwanamke mwenye sindano mbili na kapu hayumo, ingawa ndiye anayewavalisha watoto wa mtaa mzima. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi kama chetu vinaomba. Tukipewa, tunafanya nini? Tunavuka Mtaa wa Msimbazi hadi Kariakoo, tunanunua uzi ambao lebo yake nikiisoma imeandikwa China, na fedha ya halmashauri inapanda ndege kabla hatujaanzisha mstari wa kwanza. Afisa maendeleo wa jamii atatuuliza marejesho, na ni haki yake. Ningependa siku moja atuulize na malighafi.

Ombi langu kwa wenye viwanda, kwa Bodi ya Pamba kule Mwanza na kwa SIDO, ambayo tangu 1973 kazi yake ni wenye viwanda vidogo, halihitaji bajeti wala semina hotelini. Uzi wa pamba wa kufumia, wa nyuzi nne zilizopotwa pamoja, ufungwe kwenye koni za kilo moja, uwekwe kwenye duka moja tu la Kariakoo kwa kuanzia. Vikundi vya kufuma vya Ilala, Temeke na Magomeni vitajua ndani ya siku tatu. Sisi habari hatuzichelewi. Wakiona shida kwenye rangi, walete nyeupe tupu. Tutaichovya wenyewe, wanawake wa batiki wako mtaa wa pili.