Kompyuta Kuukuu na Funzo la Pentium M

Jina la Mabatini, kata ya Jiji la Mwanza, humkumbusha msikilizaji bati la paa. Chini ya bati, saa za mchana, joto ni adui wa mwanafunzi na wa mashine pia. Kwa hiyo yafaa walimu na wanafunzi wa Kanda ya Ziwa waijue historia ya Pentium M, prosesa iliyobuniwa kwa kuepa joto.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Intel iliuza Pentium 4, iliyosifiwa kwa wingi wa mapigo yake kwa sekunde. Lakini mapigo mengi hula umeme mwingi, na umeme huo huishia kuwa joto. Wahandisi wa kampuni hiyo huko Haifa, Israeli, walishika njia nyingine. Waliurudia muundo wa Pentium III, wakaurekebisha kwa ajili ya kompyuta mpakato, na mwezi Machi 2003 Pentium M ikatolewa, ikiwa na transista milioni 77. Ile ya gigahezi 1.6 iliweza kushindana na Pentium 4 zenye mapigo zaidi ya gigahezi 2. Toleo la 2004 lilikuwa na transista milioni 140, na mwaka 2006 ukoo huo ukarithiwa na Core Duo.

Siri yake imo katika fizikia. Umeme unaotumika kubadili hali za transista huongezeka kwa uwiano wa mapigo, na kwa uwiano wa volti kipeo cha pili. Kazi ilipopungua, prosesa ya gigahezi 1.6 ilishuka hadi megahezi 600, na volti zake zikatoka 1.484 hadi 0.956. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba matumizi hayo hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita.

Wapo wasemao kwamba mashine za namna hiyo ni za kutupwa. Hoja yao ina ukweli kiasi: Pentium M ni ya biti 32, nayo Windows 11 ya mwaka 2021 hudai 64. Tena programu zake za zamani hazipati marekebisho ya usalama, hivyo si busara kuiunganisha na intaneti. Hata hivyo, kwa kufundishia uandishi wa programu, au kwa kuifungua ili sehemu zake zionekane, yatosha kabisa. Aidha, lehemu ya vifaa vya miaka ile ina risasi. Kikitupwa mtaroni, mvua yaweza kuisukuma sumu hiyo hadi Mto Mirongo, na hatimaye Ziwa Victoria, ambalo ndilo linywewalo na jiji.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Leo mlango u wazi, na hatari imegeuka: kupokea kila kitu bila kukijua. Shule inayopewa kompyuta kuukuu haina budi kuuliza ina prosesa gani, yala wati ngapi, na itazikwa wapi ikifa. Mwalimu awaachie wanafunzi wenyewe kazi ya kuyatafuta majibu hayo.