Bomba la Breki Lisiloshika Kutu

Wapo wenye magari katika mwambao wanaoamini kwamba wakiisha kufunga mabomba ya breki ya chuma kisichoshika kutu, hatari imekwisha. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Chuma hicho kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo huunda utando mwembamba wa kukikinga. Lakini ugumu wake ndio mtihani. Mdomo wa bomba hupanuliwa ili uzibe barabara kwenye kiungo; ukipanuliwa kwa chombo hafifu hupasuka, mafuta yakavuja, na kanieneo ya mkondo mzima ikapotea. Kutu haina lawama hapo.

Njia ya bomba nayo hupuuzwa mno. Likipita karibu na bomba la moshi, mafuta hupata joto. Yale ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya. Yakiisha kunyonya unyevu wa hewa, kiwango hushuka hadi 140. Mvuke hubonyea, kanyagio likazama, gari lisisimame. Anayenunua mabomba hayo na aulize kwanza fundi atayapanua kwa chombo gani, na atayapitisha wapi.