Akidi, Fukuto la Kaskazi na Mfuko wa Kufa na Kuzikana

Mkutano Mkuu wa Jumuiya ya wana-Nyasho wa Musoma waishio Dar es Salaam umeahirishwa kwa mara ya pili mfululizo kwa sababu akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili uamuzi uwe halali, haikutimia. Kwa hiyo pendekezo la kurekebisha kifungu cha Mfuko wa Kufa na Kuzikana, ambalo lingeuruhusu mfuko kumsaidia mwanachama angali hai katika majira ya joto kali na ya mafuriko badala ya kusubiri msiba, limebaki kwenye makabrasha ya Katibu huku miezi ya kaskazi ikibisha hodi. Jarida hili haliwezi kulinyamazia jambo hilo, kwa kuwa Jumuiya ambayo haijawahi kushindwa kuchangisha gharama za kusafirisha maiti zaidi ya kilomita 1,300 hadi Musoma imeshindwa kupata watu wa kutosha wa kupiga kura ya kuwakinga wazee wake.

Wapo wanaouliza joto limeingiaje katika katiba ya chama cha kuzikana, nao wanastahili kujibiwa. Musoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mchana upepo huvuma kutoka Ziwa Victoria kuja nchi kavu kwa sababu ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Ndiyo maana mtu wa Nyasho, hata jua la Februari liwake vipi, usiku huvuta shuka. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari, na kuanzia Desemba hadi mapema Machi upepo wa kaskazi huleta hewa yenye mvuke mwingi kutoka Bahari ya Hindi, huku jua, likirejea kutoka kusini, likipita utosini. Nyuzi 32 au 33 za Selsiasi hazimtishi mtu aliyewahi kuishi Shinyanga. Kinachoumiza ni fukuto, yaani joto linaloambatana na unyevu mwingi hewani, kwani mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi, na hewa iliyokwisha kushiba mvuke hairuhusu jasho likauke. Jasho hutiririka bila faida, moyo hufanya kazi ya ziada kupeleka damu kwenye ngozi, na usiku ambao ungeupumzisha mwili nao hubaki na joto la nyuzi 25 au zaidi.

Mji wenyewe huongeza adha hiyo, kwa kuwa zege, lami na mabati hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, hali ambayo wataalamu huiita kisiwa cha joto, kwa maana ya eneo la mji lenye joto kuliko mashamba yanayolizunguka. Wanachama wengi wamepanga Mbagala, Vingunguti, Manzese na Tandale, katika vyumba vya bati visivyo na dari, kwenye nyumba zilizobanana kiasi kwamba upepo wa bahari haupenyi, na dirisha lililopo hufungwa usiku kwa kuhofia wezi. Feni nayo hutegemea umeme, na mgao uliosumbua mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 uliangukia miezi hiyo hiyo. Walio hatarini zaidi ni mzee mwenye shinikizo la damu anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini, mwenye kisukari, mjamzito, mtoto mchanga, na kijana aliyeshuka juzi kwenye basi kutoka Musoma na kesho yake akaanza kazi ya saidia fundi kabla mwili haujazoea, jambo linalohitaji wiki moja hadi mbili.

Kiharusi cha joto, yaani hali ambapo mwili hushindwa kujipoza na joto lake hufikia nyuzi 40 au kuzidi, huanza kwa kuchanganyikiwa, kuropoka na kuzirai, na ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria iliyopanda kichwani. Mgonjwa akifunikwa blanketi ndani ya chumba cha bati ili dawa ifanye kazi, huenda jioni isimkute. Anayejua humtoa na kumlaza kivulini, humvua nguo nzito, hummwagia maji na kumpepea mfululizo, hamnyweshi chochote akiwa hana fahamu, na humkimbiza hospitali. Lakini ili hayo yafanyike lazima kwanza awepo mtu wa kumwona, na hapo ndipo ilipo hoja yote ya marekebisho haya.

Katika mji wa Chicago, Marekani, joto la Julai 1995 liliua watu zaidi ya 700 kwa siku chache, na wengi wao walikuwa wazee walioishi peke yao, baadhi wakiwa wamefunga madirisha kwa kuogopa uhalifu. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, katika mwezi ambao familia nyingi huwa likizoni. Nchi hizo hazikukosa hospitali wala umeme. Wengi wa waliokufa walikosa mtu wa kubisha hodi. Mji wa Ahmedabad nchini India, baada ya joto la 2010 kuua zaidi ya watu elfu moja, uliandaa mnamo 2013 mpango wa kuwaonya wakazi mapema, kuwafunza wahudumu wa afya na kuweka vituo vya maji ya kunywa, mambo ambayo kwa kiwango kidogo hata jumuiya ya watu wa mtaa mmoja inaweza kuyafanya.

Mvua zisizotabirika nazo zina orodha yake ya vifo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadhi ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Mvua zilizochochewa na El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, zilikuwa zimeua watu 155 nchini kwa mujibu wa taarifa ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, bungeni Aprili 2024, na kabla watu hawajapumua, Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano na kuupanga kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa hizo hufika kwenye kundi la WhatsApp la Jumuiya na kupotelea kati ya salamu za asubuhi na kadi za michango ya harusi, bila hata mtu mmoja kuuliza nani kati yetu anaishi mabondeni, kama Kigogo au Jangwani.

Sasa kuhusu utaratibu, ambao ndio uliozaa mabishano. Kifungu cha sasa kinamruhusu Mwekahazina kutoa rambirambi na gharama za mazishi tu, hivyo hana mamlaka ya kulipa hata nauli ya bajaji ya kumpeleka mzee hospitali. Kukibadili kunahitaji theluthi mbili ya kura katika mkutano wenye akidi, na akidi ni nusu ya wanachama hai. Katiba inamtafsiri mwanachama hai kuwa ni yule aliyelipa ada ya mwaka. Lakini orodha iliyotumika katika mikutano yote miwili ilijumuisha kila jina lililowahi kuandikwa, wakiwamo waliohama na hata marehemu, huku wasiolipa wakizuiwa kupiga kura. Kwa hesabu hiyo asiyelipa anahesabiwa katika kuizuia akidi lakini hahesabiwi katika kuitimiza, na mkutano wa namna hiyo hautafanyika milele. Orodha lazima isafishwe na kubandikwa kabla ya siku ya mkutano, na pingamizi lolote lipokelewe kwa maandishi, si kwa kelele za mlangoni. Pendekezo la kupiga kura kwa WhatsApp lina nia njema ila halifai, kwa kuwa marekebisho ya katiba ya jumuiya iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, hupelekwa kwa Msajili, na alama ya dole gumba kwenye simu haiwezi kushika nafasi ya muhtasari wenye mahudhurio na sahihi. Mkutano nao usiitwe tena saa nane mchana katika ukumbi wa bati.

Hofu ya kwamba mfuko utakauka imezungumzwa sana na wale wale ambao ada zao hazijaingia tangu mwaka jana. Pendekezo linaweka ukomo wa fedha zinazoweza kutolewa kwa mwaka, na sehemu yake kubwa haigharimu chochote: ni watu wawili katika kila kanda kuwapigia simu wazee na wagonjwa kila siku ya joto kali au ya tahadhari ya mvua, na kumfuata asiyepokea. Aibu kubwa ni kwamba hata kazi hiyo ya simu imepata majina kutoka Temeke pekee, ilhali kanda za Kinondoni na Ilala zinaendelea kulumbana nani atoe mwenyekiti.

Mwanachama anatakiwa kulipa ada na kuchukua stakabadhi kabla orodha haijabandikwa, kwani mlangoni hapatakuwa na mapokezi ya fedha. Fomu za uandikishaji ziko kwa wawakilishi wa kanda, nazo zinauliza mtaa, jina la mjumbe wa shina, ugonjwa wa kudumu, dawa zinazotumika na namba ya simu ya jirani. Fomu isiyo na namba ya jirani itarudishwa ijazwe upya.