Kamera Hufuata Mpira

Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Kijana wa Tanga anayetaka kuutazama ubingwa huo leo ataambulia masimulizi tu. Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni wakati huo. Vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kile cha serikali kikafuata mwaka 2000. Kilichobaki ni sauti za watangazaji wa Radio Tanzania katika kumbukumbu za wazee, pamoja na ubishi wa barazani ambao hakuna awezaye kuukata kwa kutoa ushahidi.

Kushindwa kwetu, kinyume chake, kumehifadhiwa vizuri mno. Tarehe 2 Julai 2022, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha, Wagosi wa Kaya walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, timu iliyomaliza ligi ya msimu ule bila kupoteza mchezo. Coastal walitangulia kufunga, wakasawazishiwa, wakapitwa, wakarudi. Katika muda wa nyongeza waliongoza tena, na zikiwa zimesalia dakika chache Yanga wakasawazisha. Matokeo yakawa 3-3, kisha mikwaju ya penalti ikaamua: Yanga 4, Coastal 1. Abdul Suleiman, tunayemwita Sopu, alifunga mabao yote matatu ya Coastal na akaondoka uwanjani bila kombe.

Tangu usiku ule, vipande vya mchezo huo vinazunguka katika simu za mji huu. Nimevitazama katika vijiwe vya kahawa vya Ngamiani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya wanafunzi wangu. Utaratibu ni ule ule kila mara. Mmoja anashika simu, wanne au watano wanainama juu yake, kidole kinaisimamisha picha, kinairudisha nyuma, kinaiachia polepole. Kisha hutolewa hukumu. Huyu alisinzia. Yule hakutaka kuruka. Na baada ya kashata ya pili hufika neno ambalo katika soka letu ni jepesi sana mdomoni: hujuma. Fulani aliuza mechi. Ushahidi? "Hebu rudisha hapo, muone miguu yake."

Miguu yake. Naomba tusimame hapo kidogo, maana jambo hili ni zito kuliko linavyosikika penye kicheko cha kijiweni. Kuuza mechi ni rushwa, na rushwa ni kosa la jinai ambalo nchi hii imeiundia taasisi ya kuchunguza. Kumtuhumu kijana wa miaka ishirini na kitu kosa la namna hiyo kwa sababu ya sekunde tatu za picha ni kumhukumu bila shauri. Tuhuma hiyo haitamkwi mbele ya kamati yoyote ambako angeweza kujitetea. Itamfuata sokoni, itamfuata kwenye majadiliano ya mkataba ujao, itamfikia mama yake kabla haijamfikia yeye mwenyewe.

Wala mwendo wa polepole hauna uadilifu ambao tunaudhania. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Marekani, Caruso, Burns na Converse, walichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa tukio lile lile, baadhi kwa kasi yake ya kawaida na wengine kwa kasi iliyopunguzwa. Matukio yenyewe yalikuwa mauaji katika uporaji wa dukani na mgongano wa wachezaji katika soka ya Kimarekani. Walioona polepole walikuwa wepesi zaidi wa kuamini kwamba mtendaji alikusudia. Sababu yake inaeleweka: picha ikivutwa, mtazamaji huhisi kwamba aliyetenda naye alikuwa na muda huo wote wa kufikiri. Beki aliyekuwa na nusu sekunde ya kuamua anaonekana kama mtu aliyekaa, akatafakari, akachagua kutusaliti. Watafiti wale walikuwa na wasiwasi juu ya mahakama, ambako video hutumika kuamua iwapo mtu aliua kwa kukusudia. Sisi mahakama yetu iko chini ya mwembe, na haina rufaa.

Sisemi kwamba tuyatupe marudio tukarudi kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu ni shahidi dhaifu zaidi. Mwaka 1986 Franks na Miller walipima makocha wa soka waliotoka kutazama mchezo, na wakakuta kwamba hawakuweza kukumbuka kwa usahihi hata nusu ya matukio muhimu. Na hao ni makocha, waliokaa pale kwa kazi hiyo. Mzee anayekusimulia bao la 1988 hadi rangi ya soksi za mfungaji anastahili heshima yetu na kikombe cha kahawa, lakini asipewe kalamu ya kuandika kumbukumbu rasmi.

Kasoro iko kwenye swali tunaloiuliza picha. Kamera ya televisheni ina kazi moja, kufuata mpira, kwa sababu mtazamaji aliyelipia kisimbuzi anataka kuona mpira. Kwa hiyo inatuonyesha mahali jambo lilipoishia, na aghalabu inapaacha nje mahali lilipoanzia. Chukua bao la kawaida kabisa, la krosi kutoka pembeni. Katika kipande cha sekunde kumi tunamwona beki wa kati akichelewa, mshambuliaji akiruka peke yake, wavu ukitikisika. Mkosaji yupo, ana jina na namba mgongoni. Lakini kwa nini alichelewa? Kwa sababu alikuwa amevutwa pembeni kuziba nafasi ya beki wa kulia. Beki wa kulia alikuwa wapi? Alikuwa amepanda kushambulia, na kiungo aliyepaswa kumshikia nafasi hakuwahi kurudi. Kiungo hakurudi kwa nini? Dakika ya tisini na kitu, mapafu yamekwisha, na aliyeko benchi wa kumbadilisha ni mtoto ambaye msimu mzima amecheza mara mbili. Benchi hilo lilijengwa wakati wa usajili, kwa fedha zilizokuwepo au zilizokosekana. Mnyororo mzima huu uko nje ya picha, na kadiri unavyorudi nyuma ndivyo unavyotoka uwanjani na kuingia ofisini.

Namfahamu mwalimu mmoja wa hisabati wa shule ya msingi, mpenzi wa Coastal kwa kurithi, ambaye hutazama kwa namna tofauti. Akitaka kuuchambua mchezo huutazama wote, kwa kasi ya kawaida, akiwa na daftari la mistari. Ana safu tatu: mpira umepotea wapi, nani alikuwa karibu na aliyeupoteza, na ilikuwa dakika ya ngapi. Hana safu ya majina ya wakosaji. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba majina kila mtu anayo tayari. Vijana wa kijiweni humwona kama anauharibu mchezo kwa hesabu. Mimi naona kwamba katika mtaa wake ni yeye pekee anayetazama mpira. Wengine wanatazama kesi.

Lakini hesabu nazo zina mtego wake, na historia ya soka ina mfano maarufu. Mwaka 1950 mhasibu Mwingereza, Charles Reep, alianza kuandika kila pasi ya mchezo kwa kalamu, akiwa jukwaani Swindon. Aliendelea kwa miongo kadhaa. Akagundua kwamba mabao mengi hutokana na mashambulizi yenye pasi chache, akahitimisha kwamba timu ipige mipira mirefu na kuachana na pasi nyingi. Hakuzingatia kwamba mashambulizi karibu yote, yawe ya bao au yasiyo na bao, yana pasi chache, kwa kuwa mpira hupotea haraka. Alihesabu kwa uaminifu mkubwa, akauliza vibaya, na soka ya Uingereza ikalipa gharama hiyo kwa muda mrefu. Naitaja habari hii kwa ajili ya watumishi wa umma wanaosoma safu hii, ambao wanazijua taarifa zenye jedwali nyingi zisizojibu lolote.

Tuirudie basi fainali ya Arusha kwa kuiuliza jambo lingine. Nani walifunga? Mabao matatu ya Yanga yalifungwa na watu watatu: Feisal Salum, Heritier Makambo na Denis Nkane. Mabao matatu ya Coastal yalifungwa na mtu mmoja. Haihitaji kusimamisha picha kuliona hilo, lipo kwenye ubao wa matokeo. Timu moja ilikuwa na njia tatu za kufika golini, nyingine ilikuwa na Sopu. Na wiki chache baada ya fainali Sopu alisajiliwa na Azam FC. (Feisal naye alikwenda huko huko mwaka uliofuata, lakini Yanga hawakuhitaji kuanza upya kwa sababu yake.) Mimi simlaumu kijana kwa kutafuta riziki nono, angebaki ningemshangaa. Nashangazwa na kijiwe ambacho miaka imepita kingali kinajadili mguu wa mpiga penalti, huku swali la nani alipaswa kuwa mfungaji wa pili, na kwa nini hakuwepo, halijapata hata jioni moja.

Swali hilo lina wenyewe. Mwaka 2021 haki za matangazo ya Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6, na kila klabu ina fungu lake. Mwanachama wa klabu yoyote ya pwani hii, iwe Coastal, iwe African Sports walioporomoka madaraja hadi watoto wa leo hawawajui, ana haki ya kuuliza: fungu letu limefanya nini? Vijana wa chini ya miaka ishirini wanafundishwa wapi, na nani, mara ngapi kwa wiki? Hayo hayana marudio kwenye simu. Yana mkutano mkuu wa wanachama, ambao kwa kawaida huwa na watu wachache kuliko kibanda umiza siku ya mechi ya Simba na Yanga.

Na wanafunzi wangu wa siasa tayari wanajua ninakoelekea. Kila mwaka, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilisha taarifa kwa Rais, kisha zikafikishwa bungeni. Hizo ndizo picha kamili za mchezo, dakika zote tisini, halmashauri kwa halmashauri. Tunazitazamaje? Kwa siku tatu husambaa kipande kimoja, aghalabu cha kiasi kikubwa cha fedha na jina la mtu mmoja. Tunakisimamisha, tunakirudisha, tunamtaka mtu huyo atolewe uwanjani. Akitolewa tunaridhika. Mwaka unaofuata hoja ile ile inajitokeza katika halmashauri ile ile chini ya mkurugenzi mwingine, nasi tunatafuta miguu ya huyo mpya. Kifungu chepesi kuliko vyote kusomwa, kile kinachoeleza mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa, hakisambazwi na mtu. Hakina sura ya mtu ndani yake.

Kuna wanaharakati watakaonijibu kwamba nawaficha wakosaji nyuma ya neno "mfumo", na kwamba neno hilo limekuwa pango la wezi. Hoja yao ina uzito. Mfumo haujawahi kusaini hundi. Mtu ndiye husaini, na mtu ndiye anayepaswa kujibu. Nami nasema ajibu, lakini ajibu kwa ushahidi unaotosha, mbele ya chombo chenye mamlaka, na baada ya kujulikana alikuwa na nafasi gani ya kutenda vingine. Kinachonitisha ni ule wepesi wetu wa kumpata mkosaji katika picha ya mwisho, kwa sababu wepesi huo unawafaa zaidi wale ambao hawakuwa ndani ya picha. Kiongozi yeyote wa klabu, au wa ofisi, angefurahi sana kuona mji mzima ukibishana juu ya penalti.

Agosti 2024 Coastal Union, baada ya kumaliza ligi katika nafasi ya nne, ilirudi kwenye mashindano ya Afrika na kutolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola. Kwa siku chache simu zilitoka mifukoni, vidole vikasimamisha picha, na jina la mkosaji likapatikana kabla kahawa haijapoa. Yule mwalimu wa hisabati aliniambia kwamba hakuupata mchezo mzima wa ugenini, ni vipande tu, kwa hiyo daftari lake lina ukurasa mtupu. Ameacha ukurasa huo hivyo hivyo, na tarehe juu yake.