Sh155 unazokwepa zinaweza kuzika biashara yako ya mtandaoni

UWE Kilimani, Westlands au kwenye bedsitter pale Kangemi, leo unaweza kufungua seva kwenye wingu kabla chai yako ipoe. Unachagua mji, mara nyingi London au Frankfurt, unachagua ukubwa, unalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, basi. Duka lako la mtandaoni liko hewani.

Ila kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho kuna kisanduku ambacho wengi wetu hukiruka: nakala za akiba, au bakapu kama wasee wa kodi wanavyoziita. Kwa kampuni nyingi hakiji na tiki. Usipokigusa, hakuna anayekuwekea nakala.

Mbona tunakiruka? Doo. Kwa DigitalOcean, kwa mfano, seva ya Dola 6 kwa mwezi ni kama Sh775. Nakala za kila wiki huongeza asilimia 20, yaani takriban Sh155. Hiyo ni kama nauli ya mathree kutoka Kangemi hadi tao na kurudi.

Na si mahasla pekee wanaoteleza hapa. Mnamo Septemba 26, 2025, betri zilishika moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 709 ilizimwa. Hifadhi ya faili za watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, iliteketea. Nakala nje ya jengo hazikuwepo. Maafisa walieleza kwamba hifadhi hiyo ilikuwa kubwa mno kuwekewa nakala. Hiyo ni nchi inayosifika duniani kwa teknolojia.

Ufaransa nako, Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala, lakini kumbe zilikuwa pale pale seva ilipokuwa. Moto ukala zote mbili.

Hapa Nairobi tusijidanganye kwamba hayo ni ya ng'ambo. Juni 25, 2024, sehemu ya City Hall ilichomwa wakati wa maandamano. Mwaka mmoja baadaye, siku iyo hiyo, maduka ya simu na kompyuta katikati ya jiji yaliporwa. Stoku inaweza kununuliwa tena kwa mkopo. Laptopu iliyobeba orodha ya wateja na madeni ikienda, benki gani itakukopesha orodha hiyo?

Kutegemea ng'ambo peke yake pia kuna shida yake. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchini kwa siku kadhaa. Nakala yako inaweza kuwa salama Frankfurt na bado usiweze kuivuta siku unapoihitaji.

Kwa hivyo tiki moja haitoshi. Washa nakala za kampuni, sawa. Kisha toa data yenyewe, yaani maagizo, wateja na malipo, uiweke kwenye akaunti tofauti yenye nywila tofauti. Mtu akiiba nywila moja, anaweza kufuta seva na nakala zake kwa mkupuo. Halafu weka nakala nyingine kwenye diski ya nje, ikae nyumbani, si dukani. Na angalia salio la kadi: bili isipolipwa, seva husimamishwa, na mwishowe hufutwa.

La muhimu zaidi, jaribu kurudisha. Fungua seva mpya kwa saa moja, irudishie nakala, uone kama duka linafunguka. Gharama yake ni senti chache. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Sheria nayo inakuangalia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu awe na uwezo wa kuzirejesha haraka baada ya ajali. Ukiivunja, faini inaweza kufika Sh5 milioni. Haiulizi kama ofisi yako ni orofa nzima Westlands au meza moja Kawangware.

Swali hilo hilo tuielekezee serikali. eCitizen iliposhambuliwa Julai 2023, waziri wa wakati huo Eliud Owalo alisema hakuna data iliyopotea. Vizuri. Lakini lile lilikuwa shambulizi la kuziba mlango kwa maombi mengi, si la kuchoma ghala. Huduma zetu, kuanzia pasipoti hadi vyeti vya kuzaliwa, zinapita mlango huo mmoja. Tuna haki ya kuuliza: nakala zimekaa majengo mangapi, na zilijaribiwa lini mara ya mwisho?

Tukisubiri jibu, wewe ingia kwenye akaunti yako leo jioni. Angalia kile kisanduku.