Kamisheni za jimu: Mwalimu mpya ndiye anayemkopesha tajiri

Biashara ya kumbi za mazoezi, au jimu kama wengi wanavyoziita, si ya Masaki na Oysterbay peke yake tena. Imeingia Sinza, Kijitonyama na Tabata, na wenye mitaji ya kati wanaitazama kama walivyozoea kuzitazama daladala na nyumba za kulala wageni. Hesabu inayowavutia ni nyepesi: kodi ya pango, mashine, umeme, na mishahara kidogo sana. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachostahili kuchunguzwa. Mishahara inakuwa kidogo pale ambapo sehemu kubwa ya kazi inalipwa kwa kamisheni, na anayeumia wa kwanza katika mpango huo ni mwalimu wa mazoezi aliyeanza kazi jana.

Mpango wenyewe unakwenda hivi. Mwanachama analipa ada ya mwezi, ambayo yote inaingia kwa tajiri. Akitaka mwalimu wake mwenyewe, analipa zaidi kwa kila kipindi cha saa 1, au ananunua vipindi 10 kwa mkupuo. Fedha hiyo ya pili ndiyo inayogawanywa kati ya jimu na mwalimu kwa asilimia waliyokubaliana. Mwalimu asiye na mteja hana cha kugawana na mtu. Hata hivyo haambiwi akae nyumbani mpaka apate mteja. Anafungua mlango alfajiri, anarudisha vyuma mahali pake, anafuta jasho kwenye mashine, anawatembeza wageni, anamwonyesha mwanachama wa kawaida namna ya kunyanyua bila kuumiza mgongo. Kazi hiyo yote haina kamisheni.

Chukua mfano wa hesabu, ambao kila mtu anaweza kuubadilisha kwa bei za mtaani kwake. Kipindi kimoja kinauzwa shilingi 20,000 na mwalimu anapata 40%, yaani shilingi 8,000. Katika mwezi wake wa kwanza amebahatika kupata wateja 3, kila mmoja vipindi 2 kwa wiki. Kwa wiki 4 hivyo ni vipindi 24, na mfukoni ni shilingi 192,000. Sasa tazama saa zake. Anatakiwa awepo kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, kisha saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, siku 6 kwa wiki. Jumla ni saa 168 kwa hizo wiki 4. Saa 24 zimelipwa na saa 144 hazikulipwa. Ukigawanya kipato chote kwa saa zote, kila saa imemletea shilingi 1,140 na ushee, kabla ya nauli ya kwenda na kurudi mara 2 kwa siku.

Upande wa tajiri, wateja wale wale 3 wamemwachia shilingi 288,000 juu ya ada zao za uanachama, na saa 144 za usafi, mapokezi na ulinzi wa mashine amezipata bure. Kwa lugha ya vitabu vya hesabu, huo ni mkopo. Mwalimu mpya ameikopesha jimu nguvu zake kwa matumaini kwamba wateja watakuja baadaye. Mkopo huo hauna riba, hauna dhamana, wala hauna tarehe ya kurejeshwa.

Wapo wanaojibu kwamba huu si mtindo mgeni, kwa vile dereva wa daladala naye hana mshahara, anapeleka hesabu kwa mwenye gari na kinachobaki ni chake. Ulinganisho huo hausimami vizuri. Dereva anakabidhiwa gari, njia na vituo vilivyojaa abiria tangu siku ya kwanza. Mwalimu mpya anakabidhiwa ukumbi ambao wateja wake wamekwisha kuchukuliwa na walimu wa zamani. Wakala wa bima angefanana naye zaidi, maana naye huanza bila mteja, ila wakala wa bima halazimishwi kupiga deki ofisi ya kampuni huku akisubiri ndugu na jamaa wakate bima.

Hoja yenye uzito zaidi ya wenye jimu ni kwamba mshahara wa uhakika humfanya mwalimu abweteke. Kuna ukweli hapo. Mwalimu mwenye wateja 12 wanaomfuata kwa jina lake hana haja ya mshahara mkubwa wa msingi, na kamisheni nzuri ndiyo inayomfanya asihame. Kosa liko kwenye kumpa mgeni wa wiki moja mkataba ule ule wa mtu wa miaka 5, kana kwamba wote wawili wameanza mbio kutoka mstari mmoja.

Kuna majimu yanayojikinga kwa karatasi inayosema mwalimu si mwajiriwa bali ni mkandarasi huru. Mwekezaji asiiamini karatasi hiyo haraka. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya yale yaliyotajwa humo. Miongoni mwake ni kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, kwamba anapewa vifaa vya kazi na huyo mwingine, na kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Mwalimu wa mfano huu anazifikisha saa 45 kabla hata wiki ya pili haijakwisha. Shauri likifika CMA, karatasi ya ukandarasi haitakuwa na nguvu kubwa, na tajiri anaweza kujikuta anadaiwa michango ya NSSF, ambayo ni 20% ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu yake, pamoja na adhabu za ucheleweshaji.

Kichekesho kiko kwenye kodi. Mwajiriwa wa Tanzania Bara anayepata shilingi 192,000 kwa mwezi halipi kodi ya mshahara hata senti moja, kwa sababu kodi hiyo huanzia juu ya shilingi 270,000. Akiitwa mkandarasi, malipo yale yale hukatwa kodi ya zuio ya 5%, ambayo ni shilingi 9,600. Aliye chini kabisa ndiye anayekatwa, na cheo alichopewa badala yake ni neno "huru".

Nje ya nchi mvutano huu umekwisha kufika kwenye vitabu vya sheria. Jimbo la California huko Marekani, lenye majimu mengi kuliko watu wa hapa wanavyoweza kudhani, liliweka sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2016, kwamba anayelipwa kwa idadi ya kazi lazima alipwe pia, kando kabisa, kwa saa ambazo mwajiri amemweka kazini bila kumpa kazi yenye malipo. Majimu ya huko hayakufungwa kwa sababu hiyo.

Halafu kuna misimu. Januari watu wanaingia jimu kwa wingi kutimiza ahadi za mwaka mpya, ingawa ni mwezi huo huo wa ada za shule, kwa hiyo wanalipa uanachama na kuahirisha mwalimu. Ramadhani ikiingia, saa za jioni zinabadilika na wateja wengi wanapumzika. Tajiri amekwisha kupokea ada za miezi 3 au mwaka mzima, hivyo mwezi mbaya haumtikisi. Mwalimu wa kamisheni tupu anaupokea mwezi huo kifua wazi. Ndipo anapoanza kuwaambia wateja wake, kwa sauti ya chini, kwamba wanaweza kukutana Coco Beach Jumamosi asubuhi kwa nusu ya bei. Tajiri anakiita kitendo hicho wizi wa wateja. Huenda ni kweli, lakini mkataba wake ndio uliomfundisha.

Dawa ipo na gharama yake inahesabika. Jimu inaweza kumhakikishia mwalimu mpya kiwango fulani kwa miezi 3 ya kwanza, na kuongeza kinachopungua endapo kamisheni haijafika hapo. Kwa mfano ule ule, kiwango kikiwa shilingi 300,000, mwezi wa kwanza jimu inaongeza shilingi 108,000. Mwezi wa pili mwalimu akifikisha vipindi 32, kamisheni ni shilingi 256,000 na nyongeza inakuwa shilingi 44,000. Mwezi wa tatu akifikisha vipindi 40 amevuka kiwango na nyongeza inakwisha. Gharama yote ni shilingi 152,000. Mteja mmoja wa vipindi 8 kwa mwezi huiachia jimu shilingi 96,000, kwa hiyo wateja 2 tu wakihamia ufukweni pamoja na mwalimu wao, hasara ya mwezi mmoja ni shilingi 192,000. Nyongeza hiyo isigeuzwe deni la kumkata mwalimu baadaye. Ikiwa hivyo, mgeni ataingia mwezi wa nne akiwa anadaiwa, na ataondoka.

Mkataba nao uandikwe vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri aandike ujira na namna unavyokokotolewa. Kwenye jimu maana yake ni kutaja kama asilimia inahesabiwa kabla au baada ya VAT, kwani kipindi cha shilingi 23,600 chenye VAT ya 18% kina shilingi 20,000 tu za kugawana. Itajwe pia nani analipwa mteja aliyenunua vipindi 10 akiacha baada ya 6, na kamisheni inaangukia kwa nani mwalimu akiondoka katikati.

Kwa anayetaka kununua jimu iliyokwisha kuanza, au kuingia ubia, kuna karatasi moja ya kuiomba kabla ya kukagua mashine: orodha ya walimu na tarehe walizoanza kazi. Sheria hiyo hiyo ya ajira haimpi mfanyakazi wa chini ya miezi 6 ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na kuna matajiri wanaoijua vyema tarehe hiyo. Orodha ikionyesha majina mapya kila baada ya miezi 4 au 5, faida iliyoandikwa kwenye vitabu vya muuzaji ina fedha za walimu ndani yake, na bei anayoitaja ina nafasi ya kushuka.