Kubwa Kuliko Nini?

Wapangaji wengi huko Marekani, wakiwemo ndugu zetu waliohamia, huishi katika nyumba zenye milango ya vioo inayosukumwa kando juu ya reli. Mwenye mbwa hathubutu kukitoboa kioo hicho. Aghalabu kimeimarishwa kwa joto, na kikikatwa husambaratika chote. Dawa ni paneli yenye kilango cha mbwa, inayosimamishwa ndani ya reli na kuondolewa mpangaji anapohama.

Kosa la wanunuzi ni kuamini maneno "ndogo", "wastani" na "kubwa" yaliyoandikwa kwenye kasha. Sisi wanaisimu twajua kuwa vivumishi hivi havina kipimo chavyo wenyewe: panya mkubwa bado ni mdogo kuliko mbwa mdogo. Heri utepe. Pima kimo cha mbwa mabegani, upana wa kifua chake, na nafasi kutoka reli ya chini hadi ya juu. Kisha uliza habari za komeo, kwani lile la awali halifikii tena fremu. Bila jingine, njia ya mbwa huwa njia ya mwizi.

Walimu na wanafunzi, neno la muuzaji lisipokewe kabla ya kuulizwa: kubwa kuliko nini?